Mzigo Unaoingia na Mzigo Unaotoka

Maneno yaliyosemwa na mwanachama wetu, mtunza ghala mstaafu, kwenye mkutano wa mwaka wa wana-Kigoma tunaoishi Dar es Salaam. Yamechapwa hapa kwa ombi la wajumbe waliohudhuria.



    

Katibu amenipa robo saa. Aliniambia, "Mzee, sema kidogo juu ya kazi yako, halafu uwaombe watu wachangie." Kazi yangu, kwa wasionijua, ilikuwa ghala. Zaidi ya miaka thelathini nimepokea mali na kutoa mali, hapa Dar na mikoani. Siku hizi vijana wanasomea shahada, wanaiita ugavi na uchukuzi. Sisi tuliijua kwa leja, kalamu na ufunguo kiunoni. Lakini maswali ni yale yale mawili: kimeingia nini, kimetoka nini? Ukishindwa kujibu moja kati ya hayo, bosi anakuita ofisini na unafunga mlango nyuma yako.

Sikuja kuwafundisha. Nimekuja kuungama kwanza, kisha niombe fedha.

Mwaka jana, wengi mnakumbuka, tulichanga katika ukumbi huu huu. Tukanunua kitanda cha kujifungulia, vitanda vinne vya wagonjwa, magodoro, na taa za sola, kwa ajili ya zahanati ya kijiji kimoja cha mwambao, kusini ya Ujiji. Kijiji sitakitaja, maana kosa halikuwa lao. Tulipiga picha na vitanda vile, na picha ikatoka kwenye kijitabu chetu. Tukapongezana. Vifurushi vilikuwa kumi na tisa. Mimi ndiye niliyevifunga, kwa mikono hii.

Mzigo ulifika Kigoma salama. Hapo ndipo tulipodhani kazi imekwisha. Kijana aliyekuwa apokee alikuwa msibani Kasulu, na simu yake haikupatikana. Dereva wa lori alikuwa na haraka ya kutafuta mzigo wa kurudi, akashusha vitu vyetu Kibirizi, barazani kwa mtu mwema aliyekubali kuvisitiri. Boti tuliyokuwa tumepatana nayo ilikuwa inasubiri Ujiji. Usiku ule ikanyesha mvua ya masika, mnaijua mvua yetu. Magodoro mawili yakalowa mpaka ndani.

Hayo ni madogo. Kubwa ni hili. Nilipofungua kitanda cha kujifungulia ili kisafiri, nilitoa bolti zake nane nikazitia kwenye mfuko wa nailoni zisipotee. Mfuko nikautumbukiza kwenye boksi la taa za sola, kwa sababu lilikuwa na nafasi. Sikuandika popote. Mwenyeji wetu wa Kibirizi, kwa uaminifu wake, alipoona boksi la taa ni mali ya thamani, akalifungia chumbani kwake. Boti ilipokuja, vifurushi vikapakiwa vya barazani, boksi la chumbani likasahaulika.

Kitanda kikafika zahanati bila bolti. Kikaegemezwa ukutani kwa wiki saba. Katika wiki hizo, mama mmoja alijifungulia kwenye mkeka, sakafuni, kitanda kipya kikiwa kando yake kimesimama kama ngazi. Mama na mtoto wazima, Mwenyezi Mungu ashukuriwe. Nesi wa pale hakunilaumu. Aliniuliza tu kwenye simu, "Mzee, zile bolti mnazitumaje?"

Bolti nane, ndugu zangu. Bei yake yote dukani haifiki kilo moja ya dagaa wetu hapa Dar. Mimi mtunza ghala wa miaka yote hiyo nilisahau methali tuliyobandika ukutani kazini: mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa nataka niwasimulie habari ya watu waliofunga mzigo vizuri kuliko mimi. Nanyi mnaujua mzigo huo, kwa sababu wengi wenu mmeupanda.

Mwaka 1913, huko Papenburg, Ujerumani, iliundwa meli iliyoitwa Graf von Götzen. Ikaunganishwa, ikakaguliwa, kisha ikafunguliwa kipande kwa kipande na kufungwa kwenye makasha yapatayo 5,000. Makasha yakasafiri baharini mpaka hapa Dar es Salaam, yakapandishwa kwenye reli ya kati, yakapelekwa Kigoma. Reli yenyewe ilikuwa mpya kabisa, ilifika Kigoma Februari 1914. Pale ufukweni wataalamu watatu kutoka Papenburg, pamoja na mafundi wa Kihindi na vibarua wengi Waafrika, wakaanza kuunganisha upya. Februari 1915 meli ikashushwa majini. Ilikuwa meli ya vita, na jasho la babu zetu halikulipwa stahili yake, hilo tusilisahau. Lakini kama mtunza ghala mimi naitazama orodha yake. Makasha 5,000, bahari, reli, ufukwe, na meli ikakamilika. Mimi vifurushi kumi na tisa vilinishinda.

Tena kuna jambo la pili. Julai 1916, walipoona wanazidiwa, Wajerumani waliizamisha wenyewe. Kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka mashine zake grisi nzito, ili siku ikiibuliwa ziweze kufanya kazi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, wakaitengeneza, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Yule fundi aliyepaka grisi hakujua nani ataikuta meli ile. Alimfikiria tu mtu atakayeipokea. Kufunga mzigo ni kumfikiria anayeupokea, ambaye wewe hutakuwepo kumweleza.

Na kupokea nako kuna habari yake, nayo imetokea Ujiji kwetu. Kila mtoto wa shule anajua kwamba Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871. Wachache wanajua kwa nini Livingstone alikuwa katika hali mbaya siku zile. Mali yake ilikuwa imetumwa kutoka Unguja, nguo na shanga, ambazo ndizo zilizokuwa fedha za safari. Wapagazi walibeba, kila mmoja mzigo wa kama frasila mbili, kwa miezi, kutoka pwani mpaka ziwani. Mali ikafika Ujiji. Aliyekabidhiwa akaambiwa, au akajiambia, kwamba mzungu amekwisha kufa huko Manyema, akaiuza yote. Livingstone aliporudi, mgonjwa na amechoka, hakukuta kitu.

Tazameni pale palipovunjika. Mali ilivuka mapori, mito na vita, ikafika mji ule ule iliyotumwa. Ikapotea mwisho wa safari, mikononi mwa mpokeaji mmoja, asiye na wa pili wa kumwuliza wala daftari la kumbana. Kazi ya ghala ilinionyesha hivyo hivyo. Mali njiani ina macho mengi juu yake: dereva, utingo, mizani, askari. Ikishafika, kila mtu anapumua, na ndipo inapopotea.

Watu wa misafara walijua jambo jingine tunalolisahau sisi wachangaji. Kila nchi ilitaka shanga zake. Ushanga uliopokelewa sokoni Ujiji ulikuwa haununui kitu mahali pengine, na uliopendwa mahali pengine Ujiji haukutazamwa. Msafiri aliyenunua shanga Unguja kwa kupendezwa na rangi, bila kuuliza, alibebesha watu mawe. Nasi tuulize kabla ya kununua. Zahanati ile ilikuwa imeomba kitanda cha kujifungulia na ndoo za maji zenye koki. Sisi tukaongeza vitanda vinne vya wagonjwa kwa sababu vinapendeza kwenye picha. Wodi yao inaingia vitanda viwili. Vingine viwili viko stoo mpaka leo, na ndoo hatukupeleka.

Kipande cha mwisho cha safari ndicho kigumu, na kwetu kipande hicho ni maji. Mnakumbuka Mei 2015, ndugu zetu Warundi walipokimbia machafuko, maelfu kwa maelfu wakajaa Kagunga, kijiji kidogo chini ya mlima, mpakani. Kagunga ilikuwa haifikiki kwa gari. Kipindupindu kikaingia. Liemba ikaitwa kuwaleta watu Kigoma mjini, ili wapelekwe kambi ya Nyarugusu. Lakini Kagunga hapakuwa na gati, na meli haikuweza kusogea ufukweni. Ikatia nanga mbali, na watu, wazee, wagonjwa na watoto, wakapelekwa kwenye meli kwa mitumbwi, kundi baada ya kundi. Meli ya mamia ya watu ikawa inasubiri uwezo wa mtumbwi. Chakula, dawa, mabati ya shule, vyote vya mwambao wetu vinapita hapo hapo penye mtumbwi. Sisi tunalipia kilomita 1,250 na kitu kutoka Dar mpaka Kigoma, tukidhani tumemaliza, na kumbe sehemu itakayoamua ni ile ya kuvua viatu na kuingia majini na boksi kichwani.

Hayo ni ya mzigo unaoingia. Sasa niseme ya mzigo unaotoka, maana huko ndiko kuna fedha yetu.

Nilipopatana bei na mwenye lori, niliona ni kubwa. Nikamwuliza sababu. Akanijibu bila kuficha, "Mzee, nakutoza na ya kurudi. Sina uhakika wa mzigo Kigoma." Nikakasirika kama mwenyeji. Kigoma isiyokuwa na mzigo! Lakini alisema kweli yake. Alikaa Kigoma siku tatu akitafuta, akakosa, akarudi tupu mpaka Tabora. Nauli ya lori tupu tumeilipa sisi, kwa michango yenu.

Na siku zile zile tatu, katika kijiji kile kile tulichopelekea kitanda, kina mama walikuwa wanamwaga dagaa. Mvua iliyolowesha magodoro yetu ndiyo iliyolowesha dagaa wao, waliokuwa wameanikwa mchangani. Dagaa mbichi hasubiri. Anavuliwa usiku wa giza kwa taa, alfajiri yuko ufukweni, na kama jua ni kali jioni amekauka. Mvua ikimkuta chini, anaoza na mchanga ndani yake. Dagaa aliyekauka vizuri ni mwepesi, hadai barafu, na soko lake lipo Dar, lipo Zambia, lipo Kongo. Mzigo mzuri wa kusafirisha kuliko huo sijaupata katika kazi yangu yote. Lakini unahitaji vitu viwili: mahali pakavu pa kuanika na mahali pakavu pa kukusanyia. Gunia tano za mama huyu, tatu za yule, kumi za mzee fulani, peke yake si mzigo wa lori. Zikiwa pamoja chini ya bati moja, zimeandikwa, dereva atapigiwa simu kabla hajatoka Dar.

Basi tazameni hesabu ilivyo. Lori liko tupu mjini, dagaa wanaoza kijijini, na kati yao hakuna kitu isipokuwa ukosefu wa ghala na taarifa. Mvuvi anauza kwa mchuuzi wa kwanza atakayefika ufukweni, kwa bei ya huyo mchuuzi, kwa sababu akisubiri kesho hana pa kuweka. Hatumlaumu mchuuzi. Naye anatafuta. Mwenye pa kuweka ndiye anayeweza kusema, "Bei hiyo sitaki, njoo kesho."

Mawese ni vivyo hivyo. Mimi nimekulia Ujiji, mama yangu alinisomesha kwa mawese. Tangu mwaka 2018 serikali imehimiza upya kilimo cha mchikichi mkoani kwetu, miche bora inazalishwa Kihinga, na watu wamepanda. Lakini ingieni duka lolote Mwanga au Ujiji mtazame madumu. Nchi yetu inaagiza mafuta ya kula ya michikichi kutoka Malaysia na Indonesia. Yanavuka bahari, yanashuka hapa Dar, na mengine yanapanda lori mpaka nchi ya mchikichi yenyewe. Dumu linaingia Kigoma limejaa mafuta ya mbali, na likiisha, mama analiosha na kulijaza mawese ayauze barabarani. Sioni aibu ya dumu. Nasema tu kwamba lile dumu limetuonyesha njia: kila kinacholeta kitu kinaweza kutoa kitu, kama kuna mtu wa kulijaza kwa wakati.

Wakati nao una kalenda yake kwetu. Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa dagaa hupumzika, maana taa zao hazina nguvu mbele ya mbalamwezi. Ukituma lori siku hizo, litakuta mwalo mkavu. Masika, mizigo ya godoro na saruji isiende bila turubai na ghala. Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, shughuli za uvuvi ziwani zilisitishwa ili samaki wazaliane, na miezi mitatu ile ilikuwa migumu kwa wasiokuwa na akiba. Aliyekuwa na dagaa kavu ghalani kabla ya tarehe hiyo aliuza vizuri. Walikuwa wangapi? Kila mmoja wetu amjibu ndugu yake aliyepigiwa simu ya kuombwa fedha ya unga.

Wapo watakaosema, huyu mzee anazungumza biashara, na sisi ni chama cha misaada. Mzee mmoja aliniambia hivyo nje ya ukumbi, na namheshimu sana. Aliniuliza, "Kwa nini tusinunue kitanda kingine, kuliko kujenga ghala?" Nilimjibu hivi. Kitanda kingine kitapita barazani pale pale, chini ya mvua ile ile. Na wanaojifungulia katika zahanati ile ni wake na binti za wanaovua na kuanika dagaa. Mama mwenye gunia tatu zilizouzwa kwa bei nzuri analipa nauli ya boti mwenyewe akihitaji kufika hospitali ya mjini usiku. Mama aliyemwaga dagaa zake anasubiri mchango wetu. Vyote viwili ni mzigo mmoja, unaoingia na unaotoka, na mlango wake ni mmoja.

Kamati imenisikiliza, na mwaka huu tunawaombeni mchangie mambo matatu.

La kwanza, ghala dogo katika mwalo wa kijiji kile, pamoja na vichanja vya kuanikia. Ghala la matofali, bati na sakafu ya saruji, lenye vichaga vya mbao ili mzigo usilale chini. Litajengwa juu, mbali na maji. Maji ya ziwa yalivyopanda miaka michache iliyopita sote tuliona yalivyomeza nyumba na mialo, na hatutajenga kwa kutegemea huruma ya ziwa. Vichanja ni vya waya juu ya miti, usawa wa kiuno. Wenzetu wa Burundi, ziwa hili hili, walishaanza kuanika kwenye vichanja vya waya badala ya mchangani. Hewa inapita juu na chini, dagaa anakauka upesi, hana mchanga, na mvua ikinyesha anafunikwa mara moja. Kijiji kimetoa kiwanja. Ghala litakuwa mali ya kijiji, chini ya kamati yao, ambayo kina mama wanaoanika wataingia kwa kuchaguliwa. Atakayeweka gunia atalipa ada ndogo ya kulilinda na kutengeneza bati. Na mzigo wowote wa zahanati au shule utakaotoka kwetu utashuka humo bila malipo, usikae tena barazani kwa mtu.

La pili, daftari. Hili halina gharama kubwa, lakini lina masharti. Kuanzia sasa kila kifurushi kitakachotoka kwetu kitakuwa na namba juu yake, na orodha ya kila kilichomo ndani, mpaka bolti. Nakala moja itasafiri na mzigo, ya pili itabaki kwa katibu, ya tatu itatumwa kwa simu kwa mpokeaji. Na wapokeaji watakuwa wawili, wa pili akijulikana kwa jina kabla lori halijawashwa, kwa sababu misiba haitoi taarifa. Watatia saini baada ya kuhesabu, na saini zao zitachapwa kwenye kijitabu hiki mwaka ujao, mahali pale pale tulipokuwa tunaweka picha ya vitanda.

La tatu, ukweli wa gharama. Miaka yote tumewaambia, "Kitanda ni shilingi kadhaa," tukataja bei ya dukani. Hatukuwaambia nauli ya lori, vibarua wa kupakia na kushusha, boti, turubai, na mtu wa kusafiri na mzigo. Hayo tuliyatafuta kwa kuunga-unga, mwenyekiti akitoa mfukoni, mhazini akikopa. Kwa kuunga-unga huko ndipo tulipochukua dereva wa haraka na baraza la bure. Mwaka huu kila kitu tutakachokitaja kitakuwa na bei mbili, ya dukani na ya kukifikisha kikafanya kazi. Msishtuke mkiona ya pili. Ilikuwepo siku zote. Tofauti ni kwamba zamani aliilipa yule mama wa kwenye mkeka.

Vijana wetu mlio kwenye kazi za bandari, reli, malori na forodha, nyinyi siwaombi fedha peke yake. Naomba simu zenu. Ukijua kuna gari linarudi tupu kutoka Kigoma, mwambie katibu. Ukijua kuna behewa lina nafasi kwenda, mwambie katibu. Mlioko Bujumbura, Kalemie na Lubumbashi, tuambieni bei ya dagaa ya wiki hii, ili mama aliyeko ufukweni aijue kabla mchuuzi hajamwamkia.

Watu hutuita watu wa mwisho wa reli, na sisi wenyewe tunacheka. Mimi nikiwa kijana nilipanda treni pale stesheni ya Kigoma, na kwangu haukuwa mwisho. Nilikaa dirishani, na pale ndipo safari ilipoanzia. Behewa lililotuleta Dar lilikuwa na magunia chini ya viti, na harufu ya dagaa ilituamsha alfajiri Dodoma. Reli ina ncha mbili, na mzigo haujali ipi imeitwa mwanzo. Unajali nani amesimama pale akiusubiri, ana daftari au hana.

Namaliza. Zile bolti nane zilifika. Nilizipeleka mwenyewe, kwa fedha zangu, na nilifunga kitanda kile kwa spana mbele ya nesi. Alikikalia, akakitikisa, akasema kimeshika. Kisha akanionyesha mtoto yule aliyezaliwa mkekani, mama yake alikuwa amemleta kupima uzito. Nilimbeba. Mzigo mwepesi, lakini mikono ilinitetemeka.

Fomu za ahadi ziko mezani kwa mhazini, pale mlangoni. Andikeni mnachoweza, na mkiandika, andikeni namba ya simu inayopatikana.